Maabara ya foleni za ujumbe, bila kutegemea intaneti ya ukumbi

Mkutano wa mafundi wa programu za ujumbe ukifanyika Dodoma, ukumbi utajaa watu ambao mifumo yao inatumiana taarifa mchana kutwa: watu wa wizara, wa benki, wanafunzi wa UDOM. Slaidi arobaini haziwasaidii. Wanachohitaji ni saa mbili za kukaa na foleni yenyewe, yaani mahali ujumbe wa mfumo mmoja unaposubiri kuchukuliwa na mfumo mwingine, waione ikipoteza ujumbe mbele ya macho yao.

Hapa tunazungumzia IBM MQ, programu ya kuendesha foleni hizo, iliyoanza mwaka 1993 kwa jina la MQSeries.

Kinachoua maabara nyingi ni kushusha imeji ya kontena (kifurushi chenye MQ tayari, kinachowashwa kwa programu ya Docker) pale pale ukumbini. Watu 20 wakianza kwa pamoja, muda unaisha kabla ya zoezi la kwanza. Ishushe mapema, ihifadhi kwa `docker save`, igawe kwa flashi tano, kila mtu aipakie kwa `docker load`. Umeme nao upigiwe hesabu: chaja 20 za wati 65 ni wati 1,300, yaani karibu ampia 6 kwenye volti 230. Soketi moja ya ampia 13 inatosha, ila usichomeke ekstensheni juu ya ekstensheni.

Kontena liwashwe kwa `LICENSE=accept`, yaani kukubali leseni, na `MQ_QMGR_NAME=QM1`, yaani jina la meneja wa foleni, sehemu ya MQ inayotunza foleni. Ukisahau ile ya kwanza, linazima papo hapo.

Ndani ya `runmqsc`, sehemu ya kuandikia amri za MQ, kila mtu aandike hii ya kuunda foleni:

`DEFINE QLOCAL(malipo)`

Kisha atoke, atume ujumbe kwa `amqsput malipo QM1`. Atapata kosa 2085: foleni haijulikani. Mwache ahangaike kidogo. Sababu ni kwamba `runmqsc` hugeuza jina lisilo na alama za nukuu kuwa herufi kubwa, kwa hiyo foleni iliyoundwa ni MALIPO. Aliyekwama hapo dakika tano hatasahau.

Sasa zoezi lenyewe. Atume jumbe tatu kwenye MALIPO, azime kontena, aliwashe tena, kisha asome kwa `amqsget MALIPO QM1`. Foleni ipo, ujumbe haupo. Wengi hudhani wamekosea mahali, lakini ndivyo MQ inavyofanya kazi: foleni hubaki, ila ujumbe usiotiwa alama ya kudumu hufutika meneja wa foleni anapozimwa, na foleni mpya huja na `DEFPSIST(NO)`, yaani ujumbe wake si wa kudumu. Abadilishe:

`ALTER QLOCAL(MALIPO) DEFPSIST(YES)`

Arudie hatua zote. Safari hii jumbe zote tatu zinarudi. Msisitizie kwamba badiliko hili linahusu ujumbe utakaotumwa baadaye tu. Ule uliokwisha kuingia unabaki kama ulivyo. Kwa mtu anayepitisha miamala ya fedha, hili lina uzito kuliko mada nyingine yoyote ya siku hiyo.

Mwisho, wajiunganishe na QM1 kutoka laptopu ya jirani bila nywila. Watapata kosa 2035, yaani huna ruhusa, na programu haisemi kwa nini. Sababu imefichwa makusudi, ili mvamizi asipate mwanga. Imeandikwa upande wa seva, ndani ya `AMQERR01.LOG`, faili la kumbukumbu za makosa. Wafungue faili hilo wenyewe na kulisoma kuanzia chini kwenda juu. Zoezi hili litengewe nusu saa nzima, lisibanwe kwenye dakika kumi za kufunga ukumbi.