Kuna Mtu Siyu Hutaki Akuone

Kwenye mchezo wa kusimulia hadithi mezani, kila mchezaji hujitungia mhusika na kumsemea. Lakini ukimuuliza "Mhusika wako ni mtu gani?", atakwambia ni mpiganaji hodari. Basi. Atarudi kwenye simu yake.

Sisi hucheza baada ya Isha, dakani kwa ami yangu huku Langoni, Lamu, na mimi ndiye mwongozaji, yaani msimulizi anayewauliza wengine wahusika wao wanafanya nini. Dungeons & Dragons, mchezo maarufu wa aina hii, ilitoka Marekani mwaka 1974. Tumechukua dadu yake ya pande 20, lakini majumba na misitu ya baridi tumeiwachia wenyewe. Hadithi yetu ni ya mabaharia wa chombo kimoja kinachozunguka Manda, Pate na Kiwayu.

Kilichowafungua midomo ni maswali yanayokuja na nusu ya jibu. Siulizi "Una maadui?" Nasema: "Kuna mtu Siyu hutaki akuone. Ulimfanyia nini?" Adui yupo tayari, mchezaji kazi yake ni kueleza amefikaje. Kijana mmoja alijibu papo hapo: "Nilimposa dadake, kusi ilipoanza nikapanda jahazi la boriti kwenda Uarabuni, sikurudi."

"Na mahari je, shehe?" mwenzake akadakia.

"Nusu nilitoa."

"Nusu!" Daka zima likacheka.

Jibu kama hilo sililazi. Usiku huohuo mashua yao iliingia Siyu kupakia makubadhi, na fundi aliyeinua kichwa kutoka kwenye ngozi yake akawa ndiye shemeji mtu. Walitaka kukimbia, lakini mkono wa bahari wa Siyu ukishakupwa hupiti na mashua. Ikabidi wakae, wanywe kahawa, wajieleze mpaka maji yajae. Sikuwa nimepanga hata robo ya hayo. Na mchezaji akishaona neno lake limeleta balaa mezani, safari nyengine humwombi, anakuja nalo mwenyewe.

Binamu yangu ni mkimya, swali refu linamtisha. Yeye nilimpa la kuchagua: "Hirizi hiyo shingoni umepewa na mama, au na mtu uliyemkimbia?" Akanitazama kidogo. "Nimeiiba." Mpaka leo hajasema ya nani, nami simharakishi. Kwetu mtu akisema "pita" napita, haulizwi sababu. Mengine yanagusa nyumbani kwake hasa.

Taabu ni yule anayekuja na kurasa tele, mtoto wa sultani wa Pate aliyefichwa tangu utotoni, upanga wa babu na kila kitu. Kumkatalia ni kumvunja moyo. Nilimkubalia, kisha nikawageukia wengine: "Nyinyi mnaolala naye chomboni, nani anamsadiki?" Hakuna aliyeinua mkono. Sasa anahangaika kutafuta shahidi kisiwa hadi kisiwa, na kusema kweli hadithi yake ndiyo imekuwa tamu kuliko zote.

Wiki ijayo wanaingia Faza. Swali la huko nimeshaliandika: "Kuna bibi mmoja hapa anayekuita kwa jina jengine. Jina gani, na kwa nini umegeuka ulipolisikia?"