Pua Tatu, Glasi Moja

Treni ya Köln kwenda Brussels haimalizi hata saa mbili njiani. Inapita Aachen, inasimama Liège chini ya lile paa la chuma na vioo la kituo cha Guillemins, halafu ni mashamba na mvua ya Novemba mpaka unafika. Nilishukia Bruxelles-Midi. Mwenyeji wangu alikuwa ananisubiri karibu na ngazi, koti limemfika magotini. Ni mtu wa Bukavu, na ameishi Ubelgiji miaka mingi hata mvua haioni tena.

"Mukubwa, karibu sana. Tunaenda ku bia ao tunakula kwanza?"

Tukaanza na bia, maana ndiyo iliyonitoa kwa dada yangu Ujerumani. Mimi nimekulia Kilimanjaro, na mbege nimeijua kabla sijaruhusiwa kuinywa: ndizi mbivu zinachemshwa, zinaachwa zichachuke, kisha zinachanganywa na uji wa kimea cha ulezi na magome ya msesewa ya kutia uchungu. Hakuna anayetia hamira ya dukani. Niliposikia kwamba hapa kuna Wazungu wanaopika bia bila kutia hamira yoyote, na kwamba wanaiuza kwa bei ya mvinyo, nikasema lazima nikaione.

Kiwanda cha Cantillon kiko Anderlecht, mtaa wa Gheude, mwendo mfupi kwa miguu kutoka kituoni. Unapita maduka ya Wamoroko, mnanaa na zeituni vikinukia hadi barabarani, kisha unafika kwenye jengo ambalo ungedhani ni gereji. Paul Cantillon alikianzisha mwaka 1900. Tangu 1978 ni makumbusho pia, lakini usifikirie vioo na taa za maonyesho. Mgeni anapita katikati ya mitambo ya zamani yenye mikanda na magurudumu ya chuma, na mapipa yamejaa bia kweli kweli.

Sehemu iliyonishika ni darini. Kuna beseni la shaba lililoenea karibu chumba kizima, kina chake kifupi. Jioni ya siku ya kupika, togwa la shayiri na ngano, likiwa limechemshwa kwa saa nyingi, linapandishwa humo likiwa moto na kuachwa hadi asubuhi. Hewa ya usiku inaingia kupitia nafasi za ukutani na kwenye paa. Hamira na bakteria wanaotoka hewani na kwenye mbao ndio wanaotiwa kazini, na ndiyo maana hupikwa miezi ya baridi tu: joto likizidi, wanaingia wasiotakiwa. Asubuhi togwa linashushwa kwenye mapipa, na huko linaweza kukaa miaka mitatu. Buibui hawaguswi, kwa sababu wanakula wadudu wanaofuata matunda na sukari. Bibi yangu angewaelewa watu hawa, isipokuwa hiyo miaka mitatu. Mbege ikikaa wiki tu watu wanaanza kuitilia shaka.

Kijana aliyetupokea alitupa hopsi, yale maua makavu ya kutia bia uchungu, tuzinuse. Kwa bia hii hawatumii hopsi mbichi. Wanazizeesha miaka kadhaa hadi uchungu mwingi upotee, ibaki nguvu yake ya kuzuia bakteria. Nikasugua kidogo viganjani: jibini kali. Mwenyeji wangu akasema soksi. Mama mmoja wa kikundi chetu alinusa, akanusa tena, akasema zinanuka kama nyasi kavu, basi, na akatutazama kama tunamfanyia mzaha.

Huenda hakuna aliyekuwa anatania. Hopsi zikizeeka hutoa asidi ya isovaleriki, ambayo imo pia kwenye jibini na kwenye jasho la miguu. Mwaka 1967 mwanasayansi John Amoore alieleza kwamba wapo watu wachache wasioisikia harufu hiyo kabisa, ingawa pua zao ni nzima kwa harufu nyingine. Binadamu ana takriban aina 400 za vipokezi vya harufu, na jeni zake si sawa kwa kila mtu. Utafiti uliochapishwa 2014 ulionyesha kwamba ukichukua watu wawili wowote, zaidi ya asilimia 30 ya vipokezi vyao hufanya kazi kwa namna tofauti. Huyo mama na mimi tulishika hopsi za gunia moja, ila hatukuwa tumepewa vifaa vilevile vya kuzipimia.

Tukashuka kuonja. Kwanza lambiki tupu, yaani bia yenyewe ya kutoka kwenye pipa kabla ya kuchanganywa, haina povu, imelala kwenye glasi kama mvinyo mweupe. Halafu gueuze, ambayo ni mchanganyiko wa lambiki ya mwaka mmoja, miwili na mitatu, inayochachuka tena ndani ya chupa hadi ipate gesi. Ukali wake unakukamata nyuma ya taya.

Mezani alikaa nasi mzee mmoja wa Leuven aliyewahi kufuga farasi. Aliinusa, akafumba macho, akasema: zizi, na blanketi la farasi lililolowa. Kijana akafurahi, kwa kuwa hilo ndilo jibu la vitabuni. Kila kijitabu cha bia hizi kina blanketi la farasi. Mimi sijawahi kusogelea blanketi la farasi maishani mwangu. Nilichonusa mimi ni plasta ya kidonda, ile ya kunata, pamoja na korido ya zahanati. Mwenyeji wangu akazungusha glasi na kutikisa kichwa.

"Hapana. Hii ni mihogo. Mihogo ya kulowekwa, siku ya tatu, mbele ya kuianika."

Mzee na mimi tulikuwa tunazungumzia kitu kimoja. Kuna hamira iitwayo Brettanomyces, ambayo Claussen, mtafiti wa maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, Copenhagen, aliitambulisha mwaka 1904 akichunguza bia za Kiingereza; aina yake inayopatikana kwenye lambiki imepewa jina la mji huu, bruxellensis. Kazi yake inaacha ethilifenoli, na hiyo ndiyo zizi kwa mfugaji na plasta kwa mtoto aliyeanguka sana kwenye baiskeli. Wa Bukavu alikuwa ameshika kitu kingine, asidi ya butiriki, inayotolewa na bakteria wa mwanzoni na inayopatikana pia kwenye mihogo iliyolowekwa. Imo kwenye jibini la parmesan vilevile, na kwenye matapishi. Watafiti Rachel Herz na Julia von Clef waliwahi kuwapa watu harufu ya asidi hizi mbili, butiriki na isovaleriki. Walipoambiwa ni jibini, waliipenda. Walipoambiwa ni matapishi, waliikataa. Harufu haikubadilishwa hata chembe. Tangu nijue hilo sina imani na wale wanaokuelezea bia kabla hujaipeleka puani.

Lakini sitaki kufika mahali pa kusema kila pua iko sahihi, biashara imekwisha. Siki ni siki. Na kuna kasoro moja inayonitia wasiwasi zaidi, inayoitwa harufu ya panya. Ukinusa glasi huipati, kwa sababu asidi ya bia inaizuia isiruke. Unameza, mate yanapunguza ule ukali, na ndipo inapochipuka kooni: bisi za jana, au tundu la panya. Wengine hawaipati kamwe. Tulifungua chupa nyingine, mwenyeji wangu akameza, akakunja uso, akaomba mkate. Nikameza mimi, nikasubiri, nikapata limau na ganda la tufaha, safi kabisa. Mzee wa Leuven akaipata. Sasa fikiria mchanganyaji anayechagua mapipa ya kuunganisha, na pua yake ni kama yangu. Kwa kazi hiyo ningeajiri kamati, si bingwa.

Jioni tulikwenda Matonge, mtaa wa Wakongo huko Ixelles, kwa mama mmoja wa Lubumbashi mwenye mkahawa. Tulikula pondu, yaani kisamvu, na chikwangue, ule mkate wa mihogo iliyolowekwa, na tukamfungulia chupa tuliyoibeba kutoka Anderlecht. Ndipo nikagundua kwamba chikwangue ikikaa jirani na gueuze, ile mihogo ya mwenyeji wangu inatokea waziwazi; hata mimi niliipata, na plasta ikarudi nyuma. Mama alionja akiwa amesimama, mkono kiunoni.

"Hii iko sawa kasiksi yenye imelala. Munalipaka makuta ngapi?"

Kasiksi ni pombe ya ndizi ya kwao Kongo. Tukamtajia bei. Akaiweka glasi mezani polepole, akageukia jikoni na kuwaita wapishi wote waje wanuse. Wa kwanza akasema siki, wa pili akasema ndizi, na kabla wa tatu hajafungua mdomo mwenyeji wangu alikuwa ameshaanza tena habari za mihogo.