Siku moja maishani mwangu: mpira mmoja tu

Saa kumi na moja alfajiri. Adhana inaniamsha, goti la kulia linanizuia kuinuka. Nina miaka 47, na 31 kati ya hiyo nimecheza kriketi. Bati langu liko nyuma ya mlango. Mke wangu huliita mke mwenza.

Saa kumi na mbili na nusu, feri ya Likoni. Tumebanana kama dagaa, nami nimeshika mwavuli. Vidole vinajipanga vyenyewe kama kwenye mpini: mkono wa juu umekaza, wa chini umelegea. Wa chini ukikaza, mpira unapaa na mtu anaudaka. Kosa hilo lilinila miaka mingi.

Saa mbili hadi saa saba: ofisini Kilindini, makaratasi ya makontena. Mtambo ulikwama, ukarudi, ukakwama. Basi.

Mchana, juu ya wali wa nazi na samaki wa kupaka, kijana wa ofisini ananionyesha besiboli kwenye simu. "Mzee, hawa mbona wanakosa sana?" Nikamwambia Ted Williams, mpigaji wa besiboli wa Marekani, alimaliza msimu wa 1941 na wastani wa .406, yaani alifanikiwa mara nne na ushei katika kumi, na mpaka leo anasifiwa. Lakini yule akikosa, atarudi kupiga baadaye mechi ileile. Sisi katika mechi za siku moja ukitolewa umetolewa. Unakaa kivulini na pedi zako ukitazama wenzio. Ndiyo maana mpigaji wa kriketi hujifunza kwanza kuuacha mpira upite. Mimi nilichelewa kulijua hilo. Nilikuwa nimelewa habari za Pune, India, kwenye Kombe la Dunia, tarehe 29 Februari 1996, Kenya ilipowatoa West Indies wote kwa mikimbio 93, Brian Lara mwenyewe, nyota wao wa kupiga, akiambulia 8. Nikiwa kidato cha tatu, nilitaka kila mpira uvuke ukuta.

Saa kumi na nusu, neti za Mombasa Sports Club, Mnazi Mmoja. Bola, yaani mrushaji, ni mtoto wa miaka 19, mbio zake ndefu kama anakimbilia matatu. Mpira wa kwanza sikuuona. Wa pili ulinipita sikioni. Wa tatu uling'oa stampu ya kati, kijiti kilicho nyuma yangu.

"Pole, babu."

Babu!

Zamani ningejibu kwa nguvu. Sasa macho yamepunguza kasi, basi nami nangoja zaidi: naangalia kiganja chake, naangalia unapodunda, nauacha unifikie chini ya kidevu kabisa. Wa nne niliusukuma tu. *Tok.* Mikononi sikusikia kitu, si mtikisiko, si uzito, na mpira ulikuwa umeshagonga wavu upande wa pili. Ukiupiga vibaya, viganja vinawaka hadi usiku. Ukiupiga sawasawa, ni kama hujaugusa. Kwa ajili ya huo mmoja nitarudi Alhamisi.

Saa mbili usiku, nyumbani.

"Umepiga mingapi?"

"Mmoja."

"Barafu ya goti iko kwenye friji, chini ya papa."