Vigae vya Kisarawe

Mwaka 1996 nilikuwa na miaka 19. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nakaa kwa mjomba wangu Dar es Salaam. Mjomba alikuwa fundi bati pale mtaani Gerezani, mahali ambapo tangu asubuhi mpaka magharibi husikii ila nyundo. Tulitengeneza ndoo, makarai, masanduku ya wanafunzi, na zaidi ya vyote majiko ya mkaa. Mengine yalikuwa bati tupu, mengine tuliyapachika chungu cha udongo ndani, yale watu wanayaita majiko bora. Vyungu hivyo tulivinunua kwa wafinyanzi. Kazi yetu ilikuwa kuvivika bati na kuuza.

Siku moja akaja mama ntilie mmoja aliyekuwa akipika wali maharage karibu na soko la Kariakoo. Alisimama mbele ya majiko yetu, akainua moja, akalirudisha chini.

"Fundi, mkaa unanimaliza," alimwambia mjomba. "Hili jiko lenu la udongo nimelisikia sifa zake, lakini hili ni la chai na la nyumbani. Sufuria yangu inaingia mchele kilo kumi. Nitengenezee la kwangu."

Mjomba akamjibu kwamba la namna hiyo hajawahi kuliona. Mimi nikadakia kwamba linawezekana. Mjomba alinitazama kitambo, kisha akaingiza mkono mfukoni, akanipa nauli. "Haya. Nenda Kisarawe kwa nyanya yako, jirani yake ni mfinyanzi. Ukirudi, urudi na chungu."

Nataka kuisimulia siku moja tu katika safari hizo za Kisarawe, Jumamosi tuliyofukua vyungu vya jaribio la tatu. Ila siku hiyo haieleweki bila yale majaribio mawili yaliyoitangulia.

Wazo langu la kwanza lilikuwa unene. Niliamini jiko kubwa linataka ukuta mkubwa, nikafinyanga vyungu vyenye ukuta wa vidole vinne. Havikufika hata motoni. Vilipasuka kivulini vikiwa vinakauka, kwa sababu nje kulikauka na kusinyaa wakati ndani bado kumejaa maji. Wazo la pili lilikuwa mchanga. Nilikuwa nimesikia kwamba mchanga huzuia udongo kusinyaa sana, nikachanganya mwingi, tena wa mtoni uliooshwa vizuri. Safari hii vyungu vilikauka salama, vikachomwa, vikatoka vizima. Nilibeba kimoja mpaka Gerezani nimekifunga kwenye gunia kama mtoto mgongoni. Tukakivika bati, tukatia mkaa. Siku ya kwanza kilivumilia, na ya pili pia. Siku ya tatu kilitoa mlio kama ukuti mkavu unaokanyagwa, na ufa ukashuka kutoka mdomoni mpaka chini huku tunautazama.

Sababu yake nilikuja kuijua baadaye sana, chuoni. Mchanga wa mtoni sehemu kubwa ni kwatzi, aina ya madini magumu, na kwatzi ikifikia joto la nyuzi 573 za Selsiasi hubadilika ndani kwa ghafla na kuvimba; ikipoa hurudi ilivyokuwa. Chungu kinachokumbatia mkaa unaowaka kinapita kwenye joto hilo kikiwaka na kikipoa. Kila sufuria ya wali tuliyopika ilikuwa inaupanua ufa ambao macho yetu yalikuwa hayajauona.

Basi kwa mara ya tatu nilipunguza unene, nikapunguza mchanga, nikaongeza udongo mweupe wa Pugu, ile kaolini ambayo vilima vya Pugu vimejaa. Nilifinyanga vyungu sita. Nilivikausha majuma matatu, nikivigeuza asubuhi na jioni. Tulivichoma Ijumaa jioni kwa kuni na majani makavu, tukavifunika, tukaenda kulala.

Asubuhi jivu lilikuwa bado vuguvugu. Bibi mfinyanzi alikuwa ameketi kwenye kigoda, khanga ameikaza kifuani, anabangua korosho. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba mjukuu wangu, akaniambia nisiwe na haraka, nianze na cha pembeni. Nikakishika cha pembeni, kikaachana mikononi mwangu. Cha pili kilikuwa tayari kimelala vipande ndani ya jivu. Nilivitoa vyote sita. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kizima.

Sikusema kitu. Nilikuwa nafikiria nauli za mjomba, majuma yangu matatu, na yule mama wa Kariakoo aliyekuwa ameshauliza mara mbili. Nilivuta karai, nikaanza kutupia vigae humo ili nikavimwage shimoni nyuma ya nyumba.

"Unavipeleka wapi?" bibi aliniuliza.

"Nakwenda kuvitupa, bibi."

"Umevisoma?"

Nilidhani sikumsikia vizuri. Aliweka korosho chini, akaagiza mkeka utandikwe, kisha akanitaka nivipange vigae vile, kila chungu na vipande vyake, kama mtu anayewalaza watu mahali pao. Kazi hiyo ilichukua karibu asubuhi nzima. Kigae hiki kinaoana na kile, hiki si cha hapa, rudisha. Vilipokamilika, bibi alishuka kwenye kigoda akapiga magoti kando ya mkeka. Alichukua kipande kimoja, akanionyesha ukingo wake.

"Tazama. Hapa ufa umeachama, kingo zake zimelegea. Huu ulianza udongo ungali mbichi, moto umeukuta tu." Akachukua kingine. "Na huu ni mkali, gusa, utakukata. Huu umekuja chungu kimeshaiva. Kimepigwa na upepo wa alfajiri kabla hakijapoa." Akagonga kigae kwa kifundo cha kidole, kikalia ti, wazi kabisa. "Udongo wako hauna ubaya. Sikia mwenyewe."

Nikagonga, nikasikia. Nikaanza kupita kwenye mkeka kigae kwa kigae, nikiuliza huu je, na huu je, mpaka nikaacha kumuuliza kwa sababu niliweza kujijibu. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo nisingeliona kamwe kama ningefika kwenye lile shimo. Vyungu vinne kati ya sita vilikuwa vimevunjika vipande vitatu, na vile vipande vilikaribia kulingana.

Nilimwonyesha bibi. Alivitazama kwa muda mrefu.

"Hiki chungu kinataka kuwa vitatu," alisema. "Wewe ndiye unayekilazimisha kiwe kimoja."

"Lakini bibi, chungu cha vipande vitatu kitakuwa chungu gani?"

"Cha kwangu hakiwezi, changu kinabeba maji. Chako kinabeba moto, na bati lipo la kukishika. Moto hauvuji."

Mpaka leo nikiyakumbuka maneno yale nasisimka. Yule bibi hakuwahi kutengeneza jiko maishani mwake. Alichokuwa nacho ni miaka mingi ya kukaa na vitu vilivyovunjika na kuviuliza vilivunjika namna gani.

Watu wakisimulia uvumbuzi hupenda kusema fulani alishindwa mara nyingi lakini hakukata tamaa. Mimi nadhani wanaruka sehemu iliyo na maana. Nami sikukata tamaa. Ningeweza kufinyanga vyungu mia kwa mtindo uleule na vyote mia vingepasuka. Ndugu Wright wa Marekani, mwaka 1901 ndege yao isiyo na injini iliwapa kama theluthi moja tu ya nguvu ya kuinuka waliyoipigia hesabu. Walirudi nyumbani Ohio wakatengeneza sanduku la kupitisha upepo, wakapima humo mabawa madogo yapatayo 200 ili wajue hesabu ilikosea wapi. Wengi wanakumbuka Desemba 17, 1903, siku waliyoruka. Mimi hulikumbuka lile sanduku.

Hata lile jiko tulilokuwa tunaliiga Gerezani lilipita njia hiyo. Asili yake ni jiko la ndoo la Thailand, ndoo iliyovikwa udongo ndani mpaka chini. Lilianza kutengenezwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, Nairobi ikiwa imetoka kuwa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1981 kuhusu nishati mpya na jadidifu. Umbo lile la ndoo halikudumu. Bati lilibanwa katikati likawa na kiuno, na udongo ukabaki nusu ya juu tu, umekalia kile kiuno. Jiko likawa jepesi na udongo ukapungua. Mtu anayelinunua leo sokoni anaona kiuno anadhani ni urembo.

Mchana ule bibi alinionyesha jambo jingine. Vigae havikwenda shimoni. Alitoa kinu kikuukuu kilichokwisha kazi ya nafaka, akanipa mchi. Nilitwanga mpaka viganja vikachubuka. Tukachekecha, vumbi jekundu limetujaa kope na nywele, tukabaki na chenga za ukubwa wa mtama. Bibi akapima kwa kata: udongo mbichi kata tatu, chenga kata moja. Alinieleza huku anakanda. Chenga zimeshapita motoni, kwa hiyo zimeshamaliza kusinyaa. Udongo mbichi ukisinyaa, zenyewe zinakaa palepale na kuushikilia. Mvuke nao unapata vinjia vya kutokea. Na ufa ukianza unakutana na chenga, unakwama. Ile kazi ambayo nilitaka mchanga uifanye, vyungu vyangu vilivyovunjika viliifanya vizuri zaidi, wala havikuwa na tabia ya kuvimba ghafla ndani ya jiko.

Tulifinyanga pete nzima, kisha udongo ulipoanza kushikamana, kama ngozi mbichi, nikaukata kwa uzi sehemu tatu. Tulichoma juma la nne. Vipande tisa vya majiko matatu. Vilivyopasuka ni viwili, navyo vikaingia kinuni.

Gerezani mjomba alipinda bati la pipa akalitia kiuno. Tulivisimamisha vile vipande vitatu ndani yake, tukaacha kati yao nafasi ya ukucha, tukaijaza jivu lililokandwa na chenga. Tuliliwasha siku nne mfululizo kabla ya kumwita mwenyewe. Lilikuwa na milio yake, likipata moto unasikia linajinyoosha, lakini halikupasuka.

Mama alilipeleka Kariakoo kwa mkokoteni. Ilipita miezi mingi. Kisha asubuhi moja nilimwona anakuja, ana kitu amekifunga kwenye kipande cha khanga. Alikifungua juu ya meza ya mjomba. Kilikuwa kipande kimoja cha udongo kati ya vitatu, kimepasuka katikati.

"Vile viwili vizima kabisa," alisema. "Nipeni hiki tu, nina wateja saa sita."

Mjomba alikitazama kwenye ukingo, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akanipa. Nilichukua kipya juu ya rafu nikamfungia mama kwenye khanga yake, kisha nikaenda na kile cha zamani kwenye kinu.