Karakana ya chubwi, uani kwangu Wesha

Jamani, hatimaye kijisehemu changu cha kumiminia chubwi, vile vizito vya madini ya risasi vya kuzamishia mishipi na nyavu, kimekamilika. Nimekiweka mwisho wa uani, mbali na jiko na mbali zaidi na watoto, maana risasi ni sumu na wao ndio huathirika zaidi, hata kwa vumbi lake tu. Kuta sikuweka, upepo upite. Juu bati, makuti na moto haviivani.

Meza ni ya mbao za mvinje, nzito, ukiisukuma haitikisiki. Fundi alitaka aifanye nyembamba eti ipendeze. Impendeze nani, chewa?

Ninachokiogopa hasa ni maji. Risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 327 hivi, na tone la maji likinaswa chini yake hugeuka mvuke ghafla, moto wote ukakurukia usoni. Kwa hiyo kalibu, vile vyombo vya kutolea umbo, nazipasha kwanza mpaka zikauke kabisa, na mvua za masika zikianza jiko siwashi. Miwani, glavu za ngozi, viatu vya kufunika vidole. Kandambili hapana.

Wanaoniletea betri za gari nawarudishia, zile zina asidi. Nayeyusha chubwi kuukuu na vile vipande vya kusawazishia magurudumu. Sufuria ya chuma na upawa wake nimevipaka mipini rangi nyekundu, visije vikarudi jikoni kwa bahati mbaya.

Wavuvi wa mshipi, za changu zipo tayari, piteni baada ya alasiri. Za wavu wa jarife bado, kalibu yake naichonga.