Kihesabio cha Mapigo si Saa

Miaka kadhaa iliyopita niliandika programu ya kupima muda unaotumiwa na kipande kifupi cha msimbo, na miongoni mwa vipimo milioni moja nilivyokusanya, vichache vilitoka hasi, yaani kazi ilionekana kumalizika kabla haijaanza. Nilizikagua hesabu zangu mara nyingi kabla ya kutambua kuwa kosa lilikuwa katika imani yangu kwamba namba niliyokuwa nikiisoma ni saa.

Namba hiyo hutoka katika kihesabio cha biti 64 ambacho Intel ilikiweka ndani ya Pentium mwaka 1993, pamoja na amri ya RDTSC inayokisoma. Hapo awali kiliongezeka kwa moja kila kichakataji kilipopiga pigo moja, yaani hatua moja ya mwendo wake wa ndani, na uzuri wake mkubwa ni kwamba kukisoma ni rahisi mno kuliko kwenda kuuliza kifaa cha muda kilicho nje ya kichakataji. Kwa kasi ya gigahezi 3, yaani mapigo bilioni tatu kwa sekunde, kingehitaji karibu miaka 195 kabla ya kurudi sifuri. Lakini anayehifadhi biti 32 za chini peke yake atakiona kikianza upya kila baada ya sekunde 1.4.

Kilichonipata ni kwamba kila kiini cha kichakataji, yaani kila sehemu yake inayotekeleza amri kivyake, kina kihesabio chake. Mfumo endeshi ulikuwa ukiihamisha programu yangu kutoka kiini kimoja hadi kingine katikati ya kipimo, na vihesabio vya mashine ile ya zamani havikuwa vimelinganishwa, hivyo mwanzo ulisomwa kwa kimoja na mwisho kwa kingine kilichokuwa nyuma. Nilipoifunga programu kwenye kiini kimoja, namba hasi zilitoweka. Likabaki tatizo gumu zaidi: mashine ilipopunguza kasi ili kuokoa umeme, kihesabio nacho kilipungua kasi, na pigo la asubuhi halikuwa na urefu sawa na pigo la jioni.

Vichakataji vya baadaye vilirekebisha jambo hili kwa kukifanya kihesabio kiende kwa mwendo mmoja hata kasi ya kiini inapobadilika, na programu inaweza kuuliza kwa amri ya CPUID kama ahadi hiyo ipo. Naona ni wajibu wa kila anayepima kuuliza kwanza. Akumbuke pia kwamba kihesabio cha namna hii hupima muda uliopita, si mapigo ambayo kiini chenyewe kimeyapiga, na ripoti nyingi bado huchanganya mambo hayo mawili.

Mpangilio nao una hila yake. Kichakataji hutekeleza amri bila kufuata utaratibu zilivyoandikwa, kwa hiyo RDTSC inaweza kutekelezwa kabla kazi inayopimwa haijakwisha; ndiyo maana huwekewa kizuizi cha LFENCE, amri inayosubiri zilizotangulia zimalizike.

Hata mwendo ukiwa thabiti, lazima ujulikane ni upi. Katika mashine nyingi mfumo endeshi wa Linux umekuwa ukiukadiria mashine inapowaka, kwa kulinganisha kihesabio na kifaa kingine cha muda, kwa mfano kile cha zamani cha megahezi 1.193182. Kosa la sehemu 50 tu katika milioni huzaa sekunde 4.3 kwa siku, na fuwele ya kwatzi inayotoa mapigo hubadilika kidogo kulingana na joto. Masahihisho ya NTP, itifaki ya kulinganisha saa za kompyuta kupitia mtandao, yapo kwa sababu hiyo.

Siku hizi natumia CLOCK_MONOTONIC, saa ya mfumo endeshi ambayo hairudi nyuma hata saa ya kalenda inaporekebishwa. Katika mashine za kawaida Linux huisoma kupitia kihesabio kilekile, huku katika baadhi yake ikikichunguza dhidi ya kifaa kingine na kukiacha kikionekana kupotoka. RDTSC naiita moja kwa moja pale tu ninapopima kazi isiyofika mikrosekunde moja, nikiwa nimeifunga programu kwenye kiini kimoja na kuweka vizuizi pande zote mbili, na kando ya kila matokeo ninaandika mwendo wa kihesabio wa mashine iliyotumika.