Miyazaki alipewa kiporo, akakipasha

Ubishi wa nani mkali kati ya waongozaji wa magemu wa Kijapani huwa unaishia kwa Hideo Kojima, yule wa Metal Gear, sababu Kojima anajua kujiuza, jina lake linatokea kwenye gemu lake mpaka unachoka. Mimi wangu ni Hidetaka Miyazaki wa kampuni ya FromSoftware. Na sio kwa ajili ya gemu lake la Elden Ring, hiyo kila mtu anaijua, ila kwa njia aliyopita, maana ukiifuatilia vizuri unaona kabisa jamaa hakuwa wa kufika pale.

Kazaliwa 1974 Shizuoka, familia haina hela, na magemu ya video nyumbani marufuku mpaka alipoingia chuo. Alichokuwa nacho ni vitabu vya kuazima maktaba, vingine vimemzidi umri, anasoma nusu ya ukurasa haelewi, basi anaangalia michoro halafu sehemu iliyobaki anajazia mwenyewe kichwani. Kama umewahi kuokota pete kwenye gemu lake la Dark Souls ukasoma yale maelezo ya mistari mitatu yanayokuachia maswali kumi, ushajua ile tabia ilikotoka. Jamaa hakusimulii hadithi, anakuachia mapengo, we pambana nayo.

Basi akasoma sayansi ya jamii pale Keio, Tokyo, akaajiriwa Oracle, kampuni ya programu za kompyuta, kazi ya kuhudumia wateja wa kampuni, mshahara wa maana. Angeweza kukaa huko mpaka uzeeni na sisi tusingemjua. Kilichomtoa ni gemu linaitwa Ico.

Hapa lazima nisimame kidogo sababu watu wengi wanairuka Ico. Ilitoka 2001 kwenye PlayStation 2 (PS2) ya Sony, mwongozaji wake Fumito Ueda, mtu wa chuo cha sanaa Osaka. Mtoto mwenye pembe kafungiwa kwenye ngome kubwa tupu, anakutana na binti ambaye hawaelewani lugha, kazi yako ni mtoke wote wawili. Unabonyeza kitufe cha R1 ndo unamshika mkono, ukiachia kidole umemwachia na yeye, basi, na gemu zima linakaa kwenye kile kidole kimoja. Hakuna mstari wa uhai juu ya skrini wala levo za kupandisha, na ukitaka kusevu mnakaa pamoja kwenye benchi la jiwe mnapumzika. Ueda kila alichoona hakihusiani na ule mkono alikitoa. Mauzo hayakuwa ya kutisha, ila gemu likawaingia watu fulani mpaka kwenye mifupa, na mmoja wao ni huyu mfanyakazi wa Oracle aliyeonyeshwa na rafiki yake. Kacheza, kaona kumbe gemu linaweza kuwa hivi, akaanza kutafuta kazi upya.

Sasa fikiria, una miaka 29, hujawahi kutengeneza gemu hata moja, unagonga milango ya kampuni za magemu. Wengi walimpiga chini. FromSoftware wakamchukua 2004, mshahara chini kuliko aliokuwa anapata, wakamweka kwenye Armored Core, yale maroboti, na kufika 2006 kashaongoza Armored Core 4. Miaka miwili tu. Hiyo peke yake ni spidi ya ajabu ila sio ninachotaka kusema.

Ninachotaka kusema ni Demon's Souls. Pale FromSoftware kulikuwa na mradi wa gemu la mapanga na mazimwi, Sony wameweka hela, na ulikuwa umekwama, timu inashindwa kutoa hata kionjo kinachoeleweka. Kiporo kimelala mezani hakuna anayekitaka. Miyazaki akakiomba! Hesabu yake ilikuwa ya kihuni kidogo: kama wakubwa washaona hili limefeli, basi mimi nikijaribu mambo yangu ya ajabu nikaanguka, nani atashtuka? Kwa hiyo akaweka kila alichokuwa anataka. Unalipiga lile jitu la mwanzo kabisa, na hata ukilishinda unapelekwa mbele kidogo joka linakushushia ngumi moja, unakufa, ndo gemu linaanza. Ukifa unaacha pale ulipoangukia roho zote ulizokusanya, urudi uzifuate, na ukifa tena njiani zimeenda. Na inasemekana wakati wa kuwaelezea wenye hela hakuyataja sana haya ya kufa kufa, na hapo namwelewa kabisa.

Maonyesho ya magemu ya Tokyo 2008 watu walilijaribu, wakalichukia. Shuhei Yoshida, bosi wa studio za Sony wakati huo, alicheza masaa kama mawili bado yuko mwanzo mwanzo, akaliona takataka, na Sony wakagoma kulitoa Marekani na Ulaya. Likatoka Februari 2009, mauzo ya wiki ya kwanza ya kusikitisha. Halafu likaanza kutembea mdomo kwa mdomo, watu wanapeana siri namna ya kulipita daraja lile la joka, kampuni ya Atlus wakalichukua kulipeleka Marekani, na mwisho wa mwaka tovuti ya GameSpot wakalitangaza gemu bora la 2009. Yoshida baadaye alikiri wazi kwamba walichemka.

Kitu ninachokipenda zaidi humo ndani ni ule msaada wa wachezaji wenzako. Miyazaki alikuwa anaendesha gari kwenye mlima, theluji imeshuka, magari yamekwama, la mbele linateleza linarudi. Gari la nyuma likaanza kulisukuma la mbele, na la nyuma yake likafanya hivyo hivyo, foleni nzima ikapanda mlima kwa kusukumana. Alipofika juu alitaka kushukuru ila ukisimama umekwama tena, ikabidi aende, akabaki anawaza yule wa mwisho kabisa alifikaje. Ndo maana kwenye gemu mtu anaitwa kutoka kwenye ulimwengu wake, mnapigana bosi pamoja, hakuna kuongea kwa maiki, bosi akifa mgeni kapotea. Hujui jina lake halisi na hutamwona tena.

Na sio yeye tu aliyetokea huko. Shigeru Miyamoto wa Nintendo 1981 alikabidhiwa tatizo la mashine za gemu la Radar Scope, zimetengenezwa 3,000 za kwenda Marekani na kama 2,000 zimedoda, akaambiwa atoe gemu la kuingiza humo humo kwenye maboksi, akaleta Donkey Kong, gemu lililomzaa Mario. Kojima pale kampuni ya Konami aliachiwa gemu la vita na mkubwa wake, kompyuta ya MSX2 haiwezi kuonyesha maadui wengi kwa pamoja, akasema basi mchezaji asipigane, ajifiche, ndo Metal Gear ya 1987. Wakubwa wengi wa hii kazi walianzia kwenye mzigo wa mtu mwingine, ila wakihojiwa leo unaambiwa tu ni vipaji.

(Na majina mengine yanafichwa, yaani Gunpei Yokoi alimsimamia Miyamoto kwenye Donkey Kong na nusu ya mashabiki wa Mario hawamjui.)

Baada ya hapo mambo yalikimbia. Dark Souls 2011, rais wa kampuni 2014, miaka kumi tu tangu aajiriwe, Bloodborne 2015, Sekiro 2019, Elden Ring 2022 na nakala zaidi ya milioni 12 ndani ya wiki tatu. Na bado anakaa kiti cha mwongozaji, The Duskbloods ya mashine ya Nintendo Switch 2 kaishika yeye, wakati Elden Ring Nightreign ya 2025 kamwachia Junya Ishizaki. Mimi ningependa awaachie vijana zaidi, lakini sijui kama ningekuwa yeye ningeweza.

Ueda mwenyewe aliyeanzisha yote haya ana magemu matatu tu mpaka sasa. The Last Guardian ilitangazwa 2009 ikatoka 2016, katikati akaacha ajira Sony na akaendelea kulitengeneza hivyo hivyo. Desemba 2024 akaonyesha kipande cha gemu jipya, roboti kubwa na mtu juu yake, hata jina rasmi hakulitaja. Kwa spidi yake usiuze PS yako leo.